Kipande cha Jicho la Bibi

Miaka ya themanini, pale Malindi, bibi yangu mshona kofia alikuwa na jibu moja kwa kila swali. Ukimuuliza hali, alhamdulillah. Ukimuuliza kama jicho lililopasuliwa linaona, alhamdulillah vilevile. Alioneshwa hata herufi za ukutani, akasema alhamdulillah. Sasa wewe utajuaje?

Mimi niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye sindano tangu ukungu ulipomwingia machoni, nilikuwa roho juu. Presha ya macho ilikuwa imeshalizima jicho la kushoto. Kama na la kulia limekwenda, basi kofia zimekwisha, na bibi bila kofia angetumaliza sote kwa hasira.

Wiki chache baada ya upasuaji tukarudi kwa daktari, Kilifi. Alikuwa kijana wa bara, mchangamfu. Akatueleza kwamba alikata kipande kidogo cha jicho ili maji yapate pa kutokea, na kipande chenyewe amekibandika kwenye kioo akitazame kwa hadubini.

"Kipande changu?" Bibi akaruka. "Nipe nikakizike! Kucha nazika, nywele nazika, seuze jicho? Nifufuliwe na tobo, mwanangu?"

Daktari akampa picha aliyokipiga humo humo kwenye hadubini, akadhani yamekwisha. Wapi! Bibi hataki picha, ataka mali yake. Maskini daktari, akamwinamisha kwenye hadubini angalau akiage.

Bibi akasogeza jicho la kulia.

"Waona nini, mama?" daktari akauliza. Nikajisemea, haya, alhamdulillah hiyo yaja.

"Wavu," akasema bibi. "Lakini mshono gani huu! Nyuzi zimesongamana, matundu yameziba, huku kumevutwa, huku kumelegea. Nani kashona uchafu huu?"

Mara akamkumbuka Muumba wa jicho, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Astaghfirullah!"

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Mimi nililia mbele za watu, bila haya. Anaona! Bibi yangu anaona!

Kipande hakupewa, akanuna njia nzima hadi nyumbani. Tulipofika akavua buibui, akaketi mkekani, akaitoa kofia yake iliyolala miezi. Nami kama kawaida nikanyoosha mkono nichukue sindano.

Akanipiga kofi mkononi.

"Wataka nini? Kwani mimi kipofu?"