Picha kwa Wapangaji, Sauti kwa Mwenye Ploti

Harufu ya plastiki iliyoungua ndiyo hunirudisha Nakuru ya utoto wangu kabla ya kitu kingine chochote. Wengine hukumbuka mvua ya kwanza au mahindi ya kuchoma. Mimi nilipewa nyaya. Mwenye ploti yetu alikuwa akizimenya kwa meno, na meno yaliposhindwa aliwasha mshumaa, akaliunguza ganda mpaka likanywea na kudondoka, kisha akasokota shaba kwa shaba na kuifunga kwa nailoni ya mkate. Moshi wake mweusi ulichanganyika na vumbi jeupe la magadi ambalo upepo wa kiangazi huliokota ziwani na kulimwaga mitaani, nasi watoto tulisimama uani tukikohoa na kustaajabu. Nilikuwa na miaka tisa. Leo nisingestaajabu.

Alitaka aitwe Injinia, ingawa maisha yake yote ya kazi alikuwa amelinda stoo ya kiwanda. Alipostaafu alijenga vyumba sita vya mbao na mabati nyuma ya nyumba yake mtaani Shabab, akavipangisha kwa watu waliotoka kila upande wa nchi. Mwaka 2007 alinunua dishi na dekoda, akatangaza kwamba kila mpangaji atapata picha chumbani mwake. Nyuma ya dekoda palikuwa na matundu matatu: la njano la picha, na jekundu na jeupe ya sauti. Injinia alichomeka waya mrefu kwenye lile la njano, akaupitisha chini ya mabati kutoka chumba hadi chumba, akiukata na kuusokota upya kila alipofika kwa mpangaji. Muuzaji wa nyaya mjini alikuwa amemwonya, "Boss, bila busta ya kuisukuma, hiyo picha itachoka njiani," naye akajibu kwamba hakuja dukani kufundishwa. Basi picha ikachoka njiani. Chumba cha kwanza kiliona rangi zote, cha tatu kiliona nusu, na sisi wa chumba cha sita tuliona dunia ya majivu, ambamo nyasi, bendera na nyuso za watu zilikuwa kitu kimoja.

"Injinia, huyu msoma habari ameanguka kwa unga?" aliuliza Mama Sharon, jirani yetu wa chumba cha tano, mwanamke asiyeweza kuacha mzaha upite bila kuushika mkono.

"Shukuru unaona kichwa," Injinia alimjibu.

Sauti hakutupa. Mama yangu alipomwomba, alitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Sauti haigawanyiki, mathe. Ukiigawa inakonda, mwishowe hata mimi nakosa." Huo ulikuwa uongo, au ujinga uliovaa suti ya uongo, kwani nyaya mbili zaidi zingetosha. Ukweli ni kwamba nyaya za sauti alizielekeza kwenye wufa yake, sanduku kubwa jeusi la spika lililokaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Saa moja jioni milango yote sita iliachwa wazi. Kila mtu aliitazama picha kwake na kuisubiri sauti ivuke ua kutoka kwa Injinia, naye aliipandisha au kuishusha kulingana na mpangaji aliyemuudhi siku hiyo. Kuku wa Mama Sharon alipokunya kwenye benchi la Injinia, tulikaa wiki nzima tukisoma midomo. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakuwahi kuishi na debe lenye kitufe.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi moto. Baba alikuwa dereva wa lori la mbao, lori la buluu alilolipenda kupita kiasi, akisafiri kati ya Elburgon na Nakuru. Siku chache baada ya mwaka mpya alikwenda kuchukua mzigo, na barabara ikafungwa nyuma yake kwa mawe na magogo. Simu yake ilitujibu kwa sauti ya yule mwanamke asiyechoka: mteja hapatikani. Mama alipiga mpaka nikaanza kumchukia mwanamke yule. Madukani hapakuwa na betri wala kadi za simu. Redio pekee iliyobaki na uhai uani ilikuwa ya Mama Sharon, nayo ilisema tu magari yamechomwa huku na kule, bila kusema magari gani. Tulichohitaji kilikuwa kwenye televisheni ya Injinia: mtu wa kutaja mahali.

Ni katika majuma hayo Injinia alipoamua kuizima wufa saa ya habari. "Habari zinaleta fitina kwa ploti," alisema. "Mimi nitasikiza na hedifoni. Ya maana nitawaambia." Mgala muue na haki mpe: lango lake alilifunga mapema kila jioni, na hakuna mpangaji aliyeguswa. Lakini aliufurahia mno wadhifa wake mpya. Habari zilipoisha alitoka na hedifoni shingoni, akapanda juu ya benchi na kutusomea dunia. "Wakubwa wamekutana," alisema. "Wamepeana mikono. Wamekunywa chai." Tulikuwa tumeyaona hayo yote. "Na wamesema nini?" Mama Sharon aliuliza. Injinia alikohoa. "Wamesema watu watulie." Kila jioni wakubwa wote, wawe wamenuna au wanacheka, walikuwa wamesema watu watulie. Watu wazima wa vyumba sita, wenye akili zao, walimsikiliza mtu huyu na kuitikia.

Jioni moja ikaonyeshwa barabara yenye miti pembeni na lori linawaka moto. Mbao zilikuwa zimemwagika kwenye lami, na watu wanakimbia bila sauti. Mama aliinuka, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Ni rangi gani?" aliniuliza. "Naomi, macho yako ni mazuri. Ni buluu?" Nilitazama kwa nguvu zangu zote. Lilikuwa jivu, na moto wenyewe ulikuwa jivu. Kisha picha ikaondoka, wakaja wakubwa na chai yao.

Mama alivuka ua bila viatu, mimi nyuma yake. Injinia alikuwa kitini, hedifoni masikioni, mguu ukipigapiga zulia. Mama alimgusa bega, naye akashtuka na kuishusha hedifoni shingoni. "Injinia, hilo lori. Wamesema ni wapi?"

Alimtazama mama, akaitazama televisheni, akamtazama mama tena. Najua sasa kilichokuwa kikipita kichwani mwake: alikuwa akitafuta mahali. Na kwa kuwa alijua mume wa mwanamke huyu hubeba mbao za wapi, alichukua mahali palipokuwa karibu. "Elburgon," alisema. "Pole sana, mama. Wamesema ni Elburgon."

Mama alikaa sakafuni. Mimi niliachwa nimesimama kando ya kabati, na macho yangu, yale mazuri, yakatua nyuma ya dekoda. Waya wa njano ulikuwa mahali pake. Zile nyekundu na nyeupe zilikuwa zimeng'olewa na kuchomekwa kwenye mashine mpya ya DVD, ambayo diski ilikuwa ikizunguka ndani yake. Kutoka kwenye hedifoni shingoni mwake nilisikia, nyembamba kama ya mbu, kwaya ya kanisa lake, ile iliyorekodiwa mwaka uliopita akiimba besi mstari wa mbele.

"Lakini waya za sauti ziko kwa DVD," nilisema.

"Nyamaza wewe! Mtoto wa kike anajua nini na mambo ya stima?"

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja, kwa kuwa mtu mzima hakatizwi penye msiba. Jioni ile ile wanawake walikuja na sufuria za chai. Kioo chetu cha kujitazamia kiligeuzwa ukutani, televisheni ikafunikwa leso. Injinia aliongoza sala kwa besi yake nzuri, akamtaja baba kama marehemu, na watu wakaitikia amina. Mama aliacha kupiga simu. Hilo ndilo siwezi kulisamehe. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ni ndefu kwa anayelazimishwa kuipita.

Baba aliingia langoni siku kadhaa baadaye, asubuhi, mwenye ndevu na harufu ya moshi wa kuni, akiuliza kwa nini benchi zote ziko mlangoni pake. Lori lake lilikuwa salama ndani ya ua wa kituo cha polisi, pamoja na mengine yaliyosubiri kusindikizwa. Huko Elburgon, alisema, halikuwa limechomwa lori hata moja. Lile tuliloliona lilikuwa la barabara nyingine kabisa, na dereva wake alikuwa na watu wake, ambao pengine hawakujua kwamba sisi tulikuwa tumeuchukua msiba wao.

"Mungu amejibu maombi!" Injinia alipaza sauti, mikono juu. Mama alinigeukia. Aliniuliza mimi: "Zile waya ulisema ziko wapi?" Aliingia sebuleni bila kubisha, akainama nyuma ya dekoda, akapitisha kidole kwenye tundu jekundu, kisha jeupe. Kilitoka na vumbi la ziwa. Alikipeleka kidole kile karibu na pua ya Injinia, akakiacha hapo kwa muda, mbele ya wapangaji wote waliokuwa wamejaa mlangoni. "Ulisikia kwaya gani jana, Injinia?" Mama Sharon aliuliza, akilisonta jalada la diski ya kwaya juu ya DVD, na ua mzima ukacheka, watu waliokuwa hawajacheka tangu Krismasi. Kisha mama alichukua kisu cha jikoni, akaukata waya wa njano pale ulipoingilia chumbani mwetu, akauvuta wote uliokuwa wetu na kuukunja begani. Kabla ya mwezi kwisha tulihamia Subukia.

Sasa nina simu yenye rangi nyingi kuliko za chumba cha kwanza, na kila chumba cha nchi hii kina sauti yake. Sioni kama tumepiga hatua. Kila siku katika kikundi cha ukoo hufika picha ya gari linalowaka, imekatwa sauti yake na kupachikwa nyingine, na mjomba fulani mwenye hedifoni hutuambia ni wapi na ni nani. Watu huitikia amina. Nikiuliza nani alisikia, huambiwa najifanya mwerevu. Mama haulizi. Yeye huifunika simu kitambaa, akatoka nje kuanua nguo. Waya wa Injinia bado umefungwa kati ya nguzo mbili nyuma ya nyumba yetu, na hubeba mablanketi mabichi bila kulegea. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kweli uliyowahi kufanya.