Nilisema Diski Nzima

Nilimkalisha mwanangu juu ya meza ya fundi, katikati ya bisibisi na simu zilizofunguliwa matumbo, nikamwambia fundi, "Huyu hatoki hapa, na mimi sitoki. Kompyuta yangu irudi ilivyokuwa."

Fundi akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. "Dada, mafaili yako yote yamo. Hesabu mwenyewe. Sasa unalia nini?"

"Silii. Fungua faili moja. Lolote."

Akafungua mtihani wa tajwidi, kanuni za kusoma Kurani. Kiswahili kilisomeka vizuri. Kila palipokuwa na Kiarabu pamejaa visanduku vitupu, safu kwa safu, kama ukuta wa matofali.

Kazi yangu ni kuchapa. Nina chumba kimoja hapa Konde, printa na meza mbili, na mwaka ule kamati ya madrasa za upande wetu, mpaka Msuka, ilinipa mitihani yote. Kabla yangu kazi hiyo alikuwa nayo mwanamme mmoja wa Wete. Siku ile ni Jumatano, watoto wanafanya mtihani Jumamosi. Maalim wa kamati alishaniambia, kwa upole wake, nikishindwa nisione haya kusema mapema, yule wa Wete yupo. Upole mwengine unachoma.

Nilimpelekea kompyuta kwa kuwa ilikuwa nzito, inajikokota, fundi akasema dawa yake ni kufuta na kupiga windo upya, yaani kuutia mfumo wake tena. Nikamwambia kwa kinywa changu hiki: kopi diski nzima kwanza. Akanijibu, "Diski nzima ya nini? Nusu siku hiyo! Mafaili yanatosha, mengine takataka."

Ndani ya takataka hizo ilikuwemo programu ya kuandikia Kiarabu, niliyowekewa na mwalimu wa kozi ya kompyuta kwa CD ambayo haipo tena, na fonti zake, na kibodi niliyoipanga wiki nzima mpaka irabu zikakaa pahala pake. Vitu hivyo huvioni kwenye foda. Vimo ndani ya mashine kama chumvi ndani ya mchuzi, na yeye alichota nyama tu, mchuzi akaumwaga.

"Basi chapa Kiswahili kitupu," fundi akasema.

Mzee mmoja aliyekuwa akingojea simu yake akaruka. "Tajwidi kwa Kiswahili kitupu? Astaghfirullahi! Hata mie niliyetoroka chuo cha Kurani naona hilo haliwi."

Mwanangu alikuwa ameshatia kifuniko cha simu ya mtu mdomoni. Nikamtoa kile kifuniko, nikamtazama, miezi minane na meno mawili, ndipo nikakumbuka diski nyeusi.

Mwezi wa mwisho wa mimba mama yangu hakunipa pumzi. Maliza kazi za watu, funga mambo yako, ukishazaa siku arobaini huigusi mashine. Nikayafunga kweli. Nilifua nguo za mtoto, kisha nikakopi kompyuta yote kwenye diski ya nje, kama tulivyofundishwa kwenye kozi, nikaizongomeza kanga nikaitia sandukuni. Mtoto akazaliwa, diski nikaisahau.

Nilisema sitoki, nilitoka mbio, mtoto kiunoni, nikarudi nayo.

Fundi aliipokea kwa furaha, akaichomeka, na kidole chake kishafika kwenye kitufe cha kurudisha.

"Ngoja! Hii kopi ni ya miezi minane nyuma. Ukiirudisha inafuta kilichomo sasa. Na mitihani nimeichapa mwezi huu!"

Akatoa mkono kama aliyeungua. Kosa lile lile, safari hii angelifanya kwa upande wa pili. Nikampa amri: mafaili ya sasa kwanza kwenye flashi, na flashi ya pili. Halafu diski nzima. Halafu mafaili yarudi juu yake. Mzee akasema, "Fundi, mpishe akae yeye hapo," duka zima likacheka, na safari hii hakuchekwa mtu aliyebeba mtoto.

Ilichukua hadi alasiri. Nilinyonyesha nyuma ya pazia huku nasikiliza feni ya ile mashine. Ilipowaka ilikuwa nzito vile vile, na sijapata kuupenda uzito kama siku ile. Nikaufungua mtihani. Herufi zimeshikana, irabu ziko juu ya vichwa vyake. Nikakaa juu ya boksi, nikasema alhamdulillahi mpaka mtoto akaanza kunicheka.

Ijumaa baada ya sala Maalim alipokea bahasha. Alipekua karatasi moja moja, akasema mashaallah, na wa Wete hakumtaja.

Mume wangu akasema sasa yameisha. Kwake yeye. Jumatatu nilikwenda ofisi ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na barua hii:

"Kwa Sheha. Nalalamikia fundi wa kompyuta wa shehia yako. Alifuta kompyuta yangu baada ya kukopi mafaili tu, ilhali nilimwambia akopi diski nzima. Sidai fidia; kazi yangu imepatikana kwa kopi niliyoifanya mwenyewe. Naomba aamrishwe, kabla ya kufuta mashine ya mtu, aandike kwenye karatasi anachokopi na anachofuta, na mwenye mashine atie saini. Na mwenye mashine akisema diski nzima, iwe diski nzima, hata akiwa mwanamke aliyebeba mtoto."