Wimbo Nilioupenda Kuliko Zote

Mimi natangaza muziki kwenye redio moja ya mji wa Baraka, na sioni aibu kulisifu sikio langu. Kwa hiyo Asukulu, mpiga gitaa wa bendi ya rok ya Kazimia, alipokuja kwa boti na kuniachia albamu yao kwenye flashi iliyofungwa ndani ya sachet ya plastiki, niliisikiliza wiki nzima.

Niliipenda. Ngoma inachelewa, mwimbaji anakohoa, jogoo anawika katikati ya ubeti, na hakuna aliyejisumbua kufuta. Muziki wa namna hiyo unapumua. Hilo nalisema mpaka leo.

Lakini wimbo wa kwanza ndio ulionimaliza. Ni gitaa mbili zinatafutana, zinakaribia kuelewana, kisha zinaachana. Sikuwahi kuufikisha mwisho, kwa sababu kila nilipofika katikati niliurudisha mwanzo, na nilipochoka niliruka kwenye wimbo wa pili.

Jumamosi nilimwalika Asukulu studio. Nikawaeleza wasikilizaji kwamba huu ni wimbo wa bwana na bibi waliogombana, na kwamba leo tutausikia mpaka mwisho. Asukulu akanishika mkono.

"Papa, ile ya kwanza..."

Nikamnyamazisha kwa kidole. Nilidhani ni unyenyekevu.

Gitaa zikatafutana, zikaachana, zikatafutana tena, mwishowe zikapatana. Nikafumba macho. Kisha sauti ya Asukulu mwenyewe ikatoka kwenye wimbo, Baraka yote ikiisikia:

"Bon, magitare iko sawa sasa. Tunaweza anza kupiga."