Zamu ya Garimoshi

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, na jambo nililojifunza vizuri kuliko yote huko ni kuwaza. Nilipopangiwa shule yangu ya kwanza, karibu na stesheni moja ya upande wa Mtwara, nilianza kwa kuiwaza treni. Treni ya Masasi haikutembea kila siku. Ilikupeleka mpaka njia panda tu, na hapo ukapanda treni kubwa itokayo Nachingwea, ambayo haikumngoja mtu. Nami niliambiwa niripoti kabla shule haijafunguliwa, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Kwa hiyo kabla sijatoka nyumbani Chilangala nilikuwa nimekwisha kuachwa na treni ile mara nyingi sana, kichwani.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alisema atanisindikiza aone mahali nitakapolala. Akatokea mlangoni na debe tupu kichwani.

"Bibi, tunakwenda kupanda treni."

"Si tunateremka?"

"Tunateremka, ndiyo."

"Basi."

Kule kwetu juu mlimani maji yako bondeni, na mwanamke anayeteremka bila chombo huchekwa mpaka siku ya mazishi yake. Njia nzima niliwaza: mwalimu mpya akiingia shuleni na debe, ataonekana mnyenyekevu au ataonekana muuza mafuta ya taa?

Kwa sababu yangu, tulifika stesheni ya Masasi mapema mno. Reli ilikuwa tupu. Kando yake palisimama bomba nene la chuma, limepinda juu kama shingo ya korongo, la kunyweshea garimoshi, nalo lilikuwa likivuja. Bibi alilitazama tone likiangukia kokoto. Akalitazama la pili. Halafu akaenda kutega debe lake chini ya bomba, akaketi pembeni.

Wakaja akina mama wengine kutoka juu, wanaosafiri na wanaosindikiza. Kila mmoja alisalimia, akaliona debe, akaweka chombo chake nyuma yake. Hakuna aliyeuliza kitu. Ndivyo ilivyo kisimani kwetu: chombo ndicho kinachosimama foleni, mwenyewe anaweza hata kwenda kulala. Na chombo cha mtu hakisogezwi. Mke wa jumbe hakisogezi, wala padri.

Mama mmoja wa Masasi, aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma, akacheka. "Nyie watu wa juu, mkiona umande mnaleta ndoo."

"Wewe uza mihogo yako," Bibi akamwambia. "Ikimkaba mtu tutamwonjesha maji."

Garimoshi likaja, likaachana na mabehewa yake, likasogea taratibu mpaka kwenye bomba. Dereva akachungulia, uso umejaa masizi, akaiona safu ya madebe na vibuyu. Akashuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umekuja na chombo gani?"

Dereva akaonyesha nyuma yake. "Hiki."

Bibi akalitazama garimoshi kuanzia dohani mpaka magurudumu. "Haya. Kiweke nyuma ya kile kibuyu."

Akina mama wakacheka, lakini hakuna aliyesogeza kitu. Dereva naye alicheka, kisha akaacha. "Bibi, kwa matone haya mtajaza kesho kutwa. Na mimi nisipoondoka sasa, treni kubwa inatuacha njia panda."

Nikaanza kutunga hoja. Garimoshi ni mali ya serikali: Bibi alishawahi kumfukuza karani wa kodi kwa mchi. Kazi yangu itapotea: kweli, lakini nitamfanya avunje zamu mbele ya wenzake kwa ajili ya mjukuu, na habari itafika Chilangala kabla yake. Nilisogeze debe mwenyewe? Nilinyoosha mkono, nikaona macho yote, nikaugeuza nikajikuna shingo.

"Mume wangu," Bibi akaniita, kama alivyonitania tangu utotoni, "unawashwa?"

"Bibi, huyu si wa hapa."

"Nani?"

"Huyu." Nilionyesha garimoshi. "Ametoka mbali. Ni mgeni. Mgeni hapangi foleni."

Garimoshi likapumua fuu. Nikawaza kwamba hiyo ndiyo elimu yote ambayo nyumbani waliuza mbuzi ili niipate.

"Kweli anahema," akasema mama mmoja.

"Mgeni," Bibi akakubali. Akainuka, akalisogeza debe lake kwa mikono yake mwenyewe.

Dereva akafungua bomba, maji yakashuka kwa kishindo. Yakashuka, yakashuka. Akina mama walisimama wameshika viuno. Hawakuwa wamewahi kuona maji mengi hivyo yakiingia tumbo moja.

"Mgeni huyu hana haya," Bibi akasema.

"Labda ana mimba," akasema mama wa mihogo.

Lilipotosheka, dereva aliliacha bomba wazi kidogo, akajaza vyombo kwa zamu, cha Bibi kwanza. Bibi akatandaza majani mabichi juu ya maji yasirukeruke, kama tufanyavyo kwetu. Behewani sakafu ilikuwa imejaa kuku na magunia, kwa hiyo debe lilisafiri magotini pangu, na kila breki ilinimwagia suruali. Treni kubwa ilikuwa ikipiga honi tulipofika njia panda. Tuliiwahi, Bibi mbele, mimi nikikimbia na debe kichwani, jambo ambalo katika kuwaza kwangu kote sikuwa nimeliwaza.

Jioni nilisimama mbele ya mwalimu mkuu, nimelowa kuanzia kiunoni mpaka magotini, nikiwa na hotuba ya kujitambulisha. Yeye hakuitazama suruali. Alikuwa akiyatazama majani.

"Nyie wa juu," akasema. Kumbe kwao Makote, huko huko juu kwetu. Akalipokea debe kwa mikono miwili, akanionyesha kwa kidevu darasa nitakaloanza nalo kesho, akamgeukia Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Foleni ilikuwa ndefu?"

"Marahaba. Nilikuwa wa kwanza," Bibi akasema, huku akivua kanga ya begani. "Akaja mgeni."

Mwalimu mkuu akanitazama nimweleze mgeni gani. Nikawaza nianzie wapi.