Vénérande, Mwalimu Anayeanza kwa Kuharibu

Saa nane mchana, katika darasa la mabati kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, Vénérande Mulenda anawapa wanafunzi wapya amri ya ajabu.

"Haribuni," anasema. "Futeni alama moja ya programu, popote, tuone."

Wanawake wanatazamana. Mmoja anagusa kibodi kama anayegusa sufuria ya moto. Kioo kinajaa maandishi mekundu. Kompyuta haizimiki wala haitoi moshi, na vicheko vinalipuka.

Vénérande, mkimbizi kutoka Bukavu, anafundisha kuandika programu. Kabla yake, wanaume walishika kibodi, wanawake wakakaa nyuma wakinakili ubaoni. Mwisho wa muhula wanawake walibaki wawili tu. Watu wakasema wanawake hawapendi kompyuta. Upuuzi mtupu!

Sifa Ramazani, fundi cherehani kutoka Kindu, alikuwa mmoja wa walioacha. "Mi nilipenda sana," anasema. "Lakini ile mashini haiko yangu. Nikiharibu, nitalipa na nini?"

Jibu hilo, Vénérande alipomuuliza sababu, ndilo lililompa njia yake. Siku ya kwanza ni ya kuharibu. Baadaye kila mama anachagua kazi anayoijua na kuiandikia programu. Sifa, aliporudi, alitengeneza programu ya kumwambia mteja gauni lake litakula mita ngapi za kitenge.

Mwezi uliopita wafadhili walikuja kutoka Lilongwe kuamua kama darasa la wanawake lifungwe. Sifa akaingiza vipimo vya mteja mbele yao. Jibu likatoka: mita mia mbili na hamsini.

"Mama wee! Huyo mteja ni mlima?" mgeni mmoja akauliza.

Vénérande anakumbuka: "Nikasema, huu njo mwisho wetu."

Sifa hakukimbia. Alicheka kuliko wote. "Imeharibika. Mungoje, niangalie ni wapi." Alikuwa amesahau kugeuza sentimita kuwa mita. Akarekebisha mstari mmoja, ikatoka mita mbili na nusu. Wageni wakapiga makofi, na darasa likaongezewa mwaka mzima.

"Ile siku nililala, baba, mpaka jua likaniamsha," Vénérande ananiambia, akicheka na kufuta macho.

Mpango wake ni kumkabidhi Sifa kundi lijalo. Leo fundi huyo tayari anasaidia. Anasimama kando ya mama mmoja aliyekunja mikono kifuani, ambaye bado hajagusa chochote.

"Na nikiharibu?" mama anauliza.

"Hiyo njo kazi ya leo, mama," Sifa anamjibu, akimsogezea kibodi.