Nilitia sinyature kuficha kamio mbili

Admin, fichisha jina langu, juu shemeji yangu naye anasomaka hii page. Niko mama mujane wa miaka 43, naishi mutaa wa Nyakasanza na watoto wangu watatu. Bwana yangu alituachia kampuni ya kubeba mizigo na magari yake makubwa, kamio tatu za barabara ya Mahagi. Alipokufa, familia ilisema mimi nikuwe jeranti, musimamizi wa kampuni. Nilikuwa fundi wa kushona tu, lakini nikakubali.

Vita ikaziba barabara. Kamio zikalala miezi mingi, tukashindwa kulipa madereva na watu wenye kutudai. Ndipo shemeji, mudogo wa bwana yangu, akaniletea karatasi yenye kusema kampuni ilimuuzia kamio mbili mwaka jana. Aliniambia, "Tia sinyature, wenye kudai hawatazikamata. Ni juu ya watoto." Nilijua ni uongo. Nikatia.

Nyuma ya pale avoka mumoja, mama mwanasheria tunayesali naye, akanifasiria kama sheria za kampuni zimebadilika. Siku hizi jeranti wa kampuni yenye kushindwa kulipa deni anaweza kwenda mwenyewe ku korti, tribunali ya biashara, kuomba ilindwe, ijipange upya huku kazi inaendelea. Nilienda, na tribunali ikakubali. Madereva waliposikia, mumoja alilia.

Sasa tribunali imetuma mutu wa kuandika mali yote ya kampuni. Nilimuuliza avoka, kama kitu kinakosekana? Akaniangalia sana. "Jeranti mwenye kuficha mali anaweza kufungwa, mama." Nikamuaga mbio, bila kumutajia ile karatasi.

Nikaenda kumuomba shemeji tupasue ile karatasi. Alikuwa anakula, hakusimama. "Ukifungua kinywa, nitasema weye ndiye uliiandika. Weye gereza, na watoto wa kaka yangu watakuya kwangu."

Tangu siku ile anapita ku masomo yao kila siku. Jana kitinda mimba wangu alirudi na viatu vipya. Alisema, "Papa mudogo ametununulia. Anasema tutahamia kwake." Alikuwa na furaha.

Mutu wa tribunali anafika kesho kutwa. Nikinyamaza, kamio mbili zinabaki za shemeji, na ile moja haitaokoa kampuni, na madereva wanakaa bila kazi. Nikisema, sijui nani atabaki na watoto wangu. Wenye mulipita mu mambo kama haya, munijibu mbele hajafika: nimwambie, ao ninyamaze?