Mtambo Uliosimama Kilimani

Nilisafiri kwa sababu ya shamba langu. Mzee Ongeri, mwenyekiti wa ushirika tunaotaka kuanzisha hapa Kenyenya, aliniomba kipande cha juu kabisa, penye upepo, tusimamishe mtambo wa umeme utakaokuwa mali yetu sote. Alisema wenzetu wa Nyamira wanao tayari, akajitolea kunisindikiza. Nikakataa. Angenionyesha anachotaka nione.

Nilitoka Jumapili asubuhi, kwa kuwa Jumamosi sisi Wasabato tulikuwa kanisani. Mjini Kisii nilibadilisha gari, na Keumbu nikashuka kununua ndizi za kuwapelekea wenyeji. Muuzaji aliposikia niendako alicheka.

"Upepo nao umepata wenyewe? Chunga shamba lako, dada."

Adhuhuri nilifika kilimani. Upepo ulikuwa mkali hadi kitambaa kikanitoka kichwani, lakini mapanga ya mtambo yalikuwa tuli. Nikajiambia, tumedanganywa.

Mtambo uko pembeni mwa boma la Mama Moraa, mjane mkulima wa chai kama mimi. Alipokea ndizi, ila hakunikaribisha ndani.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Nimekuja kuona."

"Hata mtu mmoja wa kampuni ya umeme alikuja kuona, halafu akataka tumuuzie kila kitu." Akanishika mikono, akaigeuza, akaona weusi wa majani ya chai vidoleni. "Haya, ingia."

Nilipouliza mbona mtambo haufanyi kazi, alijibu bila aibu, "Tumeuzima wenyewe." Mwenyekiti wao alikuwa amevuta waya hadi kwenye kinu cha kusaga cha ndugu yake bila kuuliza mtu. Wanachama wakaamua kurudi kwenye koroboi hadi mkutano, na mkutano ulikuwa mchana ule.

Tulikaa nyasini. Mwenyekiti alianza kueleza jinsi kinu kitakavyomfaa kila mtu. Mama Moraa akasimama.

"Omogaka, mzee wetu, toa waya kwanza, kisha tukusikilize."

Wengine wakaitikia. Yule mzee alitutazama nyuso, hata mimi mgeni, kisha akabeba ngazi, akaenda kuutoa kwa mikono yake. Ndipo Mama Moraa akafungua breki ya mtambo na mapanga yakaanza kuzunguka. Nilijikuta napiga makofi pamoja nao.

Njiani kurudi nilifikiri sana. Nilikwenda kutafuta watu wanaoaminiana. Nilikuta watu wanaochungana, na umeme wao unawaka.

Kesho yake Mzee Ongeri alifika kwangu na majirani.

"Umeridhika?"

"Nina swali moja. Kwetu sisi, nani atakuwa na haki ya kuuzima?"

"Mimi. Si mimi ndiye mwenyekiti?"

"Basi shamba langu silitoi."

Kisha mke wake, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, akamwambia, "Baba Kerubo, jibu tena."

Hajajibu bado, nami bado nakata majani ya ng'ombe kwenye kipande kile cha juu.